Acheni kwanza hiyo skrubu ya pampu

Nyuma ya pampu ya dizeli ya Land Cruiser yangu kuna skrubu moja ambayo mafundi wa Arusha wanaijua kuliko wanavyojua jina langu. Ukisema gari halina nguvu, wanaifungua. Ukisema linakunywa mafuta, wanaifunga. Robo mzunguko huku, robo mzunguko kule, kisha unaambiwa, "Bosi, kalijaribu." Unatoka gereji ukiwa na hakika kuna kitu kimebadilika, maana umeshalipia.

Mimi nimelipia mara tatu. Naandika haya kwa sababu jirani yangu naye ameanza. Gari lake ni kama langu, Land Cruiser mkonga ya mwaka 1997, na kwa mdomo nimeshindwa kumshawishi.

Injini ni 1HZ, ile ya silinda sita, cc 4,164, ambayo Toyota walianza kuitoa mwaka 1990. Haina turbo wala kompyuta. Hewa inaivuta yenyewe, na dizeli inapimwa na pampu ya vyuma vitupu. Kazi kubwa ya skrubu ile ni kuweka kikomo cha dizeli inayoingia ukikanyaga mafuta mpaka chini. Sasa ukiwa unatembea 80 kwenye lami ya Makuyuni, kikomo hicho hata hukigusi. Kinachoamua pale ni mguu wako na gavana, kidhibiti mwendo kilicho ndani ya pampu. Kwa hiyo kuifunga hakukupi akiba yoyote ya maana, kunakupa gari zito linalokushusha gia kila kilima. Kuifungua nako ni kuongeza dizeli wakati hewa ni ileile. Na hewa yenyewe hapa kwetu, kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kwa takribani asilimia 13 kuliko ya Dar. Gari lililofunguliwa pampu kule likaonekana zima, likifika Arusha linafuka moshi mweusi kama tanuri la mkaa. Wapo wanaouona moshi huo ndiyo nguvu. Ni dizeli uliyoilipia kituoni, ikitoka bila kufanya kazi, na joto lake linaiandama silinda hedi.

Halafu ukimuuliza mwenye gari linakula kiasi gani, hajui. Hata mimi sikuwa najua. Nilikuwa naangalia mshale wa tangi na kulalamika. Siku nilipoanza kuandika kwenye daftari, kutoka fulu tanki hadi fulu tanki, kituo kilekile na pampu ileile, nikapata kilomita 5.7 kwa lita. Nikalinganisha saa ya gari, ile inayohesabu kilomita, na simu, nikakuta saa hiyo ikisema kilomita 100, simu inasema 106. Mwenye gari wa kwanza alifunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani, kwa hiyo saa ilikuwa inanidanganya. Hesabu ya kweli ilikuwa kilomita 6. Hiyo ndiyo akiba ya kwanza niliyopata, na haikunigharimu hata shilingi.

Ya pili niliipata Makuyuni, niliposimama kununua mahindi ya kuchoma. Dereva mmoja wa lori alikuwa anazunguka gari lake akishika ringi moja baada ya nyingine kwa kiganja. Nikamuiga. Ringi tatu zilikuwa na uvuguvugu wa kawaida. Ya nne, ya mbele kushoto, nilitoa mkono kabla sijaugusisha vizuri. Nikaidondoshea maji ya chupa, tone likalia chwii, likakauka. Jioni nikapiga jeki nyumbani na kulisukuma gurudumu kwa mikono miwili: halikumaliza hata nusu mzunguko. Pistoni za kalipa, zile zinazobana breki, zilikuwa zimeota kutu, breki inashika na haiachii. Yaani kwa miezi, labda miaka, injini yangu ilikuwa inavuta gari huku breki inalirudisha nyuma, na mimi nahangaika na skrubu.

Lakini lililonikera kuliko yote ni la thamostati, ile vali ya maji ya kupoza injini.

Mshale wangu wa joto ulikuwa haupandi kupita robo. Asubuhi za Julai, Arusha ikiwa na baridi yake ile ya kuvaa masweta mawili, nilikuwa nafika mjini mshale bado umelala. Nilijisifu kabisa kwamba injini yangu haichemki. Nilipofungua kikombe cha thamostati, ndani hamkuwa na kitu. Gasketi, gundi nyekundu, na tundu. Fundi fulani aliitoa "lisichemshe", kama inavyotolewa kwenye magari mengi mno huku kwetu. Thamostati inafunguka maji yakikaribia nyuzi 80. Kabla ya hapo inayazuia yasiende kwenye rejeta ili injini ipate joto upesi. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi: oili nzito, dizeli haiungui vizuri, silinda zinalika. Tena kwenye injini nyingi za Toyota ile thamostati, ikifunguka, ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji. Isipokuwepo, sehemu ya maji inazunguka ndani bila kupita kwenye rejeta, na siku ya kilima kikali na mzigo gari linaweza kuchemsha vilevile. Gari langu lilikuwa limewahi kuchemsha kwa sababu rahisi tu: nusu ya uso wa rejeta ilizibwa na mbegu za nyasi na tope la mbugani. Aliyetoa thamostati hakuchukua hata mpira wa maji kuiosha.

Breki zikaachia, rejeta ikaoshwa, thamostati mpya ikaingia, matairi yakarudishiwa upepo niliokuwa nimeupunguza kwa ajili ya mchanga na kuusahau. Daftari likasema 7.2. Hakuna aliyegusa pampu.

Hapo ndipo nikaenda kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, siyo wa spana na sikio. Nozeli sita, zile zinazopuliza dizeli kwenye injini, zikapandishwa moja moja. Nne zilitoa ukungu mzuri, mbili zilikuwa zinakojoa. Hilo ni neno lao, na ukiona ule mchirizi ukidondoka unakubali hakuna lingine linalofaa. Taimingi ya pampu, yaani wakati wa kuingiza dizeli, ikapimwa kwa geji, ikaonekana imechelewa. Mtu aliwahi kuifungua wakati wa kubadili mkanda akairudisha kwa kukadiria. Kuhusu chujio la hewa sina hadithi, lilikuwa limejaa vumbi, nikabadilisha. Baada ya yote hayo nikapata 7.9, na sitarajii muujiza zaidi. 1HZ inachoma dizeli kwanza kwenye chumba kidogo kilicho kwenye hedi, joto jingi linapotelea kwenye kuta zake, na hakuna skrubu ya kuondoa hilo. Anayekuahidi kilomita 12 kwa lita anakuuzia kitu.

Kutoka Arusha hadi Dar ni kama kilomita 640. Zamani nilichoma lita 107, sasa 81. Bei ya dizeli EWURA wanaipanga kila mwezi na hawaniulizi, ila hizo lita 26 ni zangu.

Iliyobaki ni mbio. Mkonga umechongwa kama kabati, na ukitoka 80 kwenda 110, upepo unaousukuma unakaribia kuwa maradufu. Najua, mabasi yanakupita yakikupigia honi pale Same. Yaache.

Kuna na keria. Ile ya chuma, ndefu, inayofunika paa zima na kuimba njia nzima kuanzia Moshi. Niliitoa mara moja tu kwa safari ya Dar, nikapata 8.3, nikaapa hairudi tena. Shemeji yangu wa Tegeta alikuwa amenunua kitanda cha sita kwa sita cha kupeleka Moshi. Keria ya kuazima tuliifunga usiku uleule.