Mtoni tumeingia nyumba isiyo na paa

Jumamosi iliyopita niliwachukua wanangu wawili na mtoto wa jirani, tukapanda daladala ya Bububu, tukashuka Mtoni, hapa Unguja. Nilikuwa nimewaahidi wiki nzima kwamba nawapeleka kwenye nyumba ya mwandishi. Tulipofika, yule mdogo akazitazama kuta zilizosimama bila paa na uwanda ulio wazi mpaka baharini, akaniuliza: "Mama, mbona nyumba yenyewe haipo?"

Sikumjibu papo hapo. Nilitafuta kivuli, tukakaa, nikawasimulia.

Hapa palikuwa kasri, na ndipo alipozaliwa Salme binti Said, tarehe 30 Agosti 1844. Baba yake ni Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, mama yake Jilfidan, Mcherkesi aliyeletwa mbali na kwao. Miaka ishirini na mbili baadaye, mwaka 1866, aliondoka Unguja kwa siri katika manowari ya Kiingereza, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Walioana Aden mwaka 1867, wakaenda Hamburg, na mwaka 1870 mume akafariki kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto wadogo katika nchi ya baridi. Mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Wageni wanaotembezwa mjini husimuliwa zaidi ile habari ya kutoroka na mzungu. Mimi naona kubwa zaidi ni hili: alijifunza kuandika kwa kujificha, maana mtoto wa kike alifundishwa kusoma Kurani lakini kalamu hakupewa. Aliiga herufi za msahafu akiziandika juu ya mfupa wa bega la ngamia uliokaushwa ukawa mweupe. Hicho ndicho kilichokuwa kibao cha shule siku zile.

Watoto wakanyamaza waliposikia habari ya ule mfupa. Mwanangu mkubwa akatanua kiganja hewani, anapima bega la ngamia lina upana gani.

Kisha nikatoa kitabu cha Salme mkobani, nikaanza kuwaeleza kwa Kiswahili chetu yale aliyoyaandika kuhusu pale tulipokaa. Uwanda ule mkavu ulikuwa ua mkubwa wenye tausi, swala, heroe, bata na mbuni waliozurura watakavyo. Watu walioishi ndani ya kasri walizidi elfu moja. Upande wa bahari palikuwa na roshani kubwa ya mbao, na Seyyid Said alikuwa akitembea humo saa nyingi, huku na huku, ameinamisha kichwa, anachechemea kidogo kwa jeraha la risasi alilolipata vitani. Nilipofika hapo mtoto wa jirani akainuka, akaenda kusimama upande wa bahari, akaanza kutembea anachechemea. Hakuna aliyemcheka. Wenzake wakamfuata nyuma.

Ndipo nilipopata la kumjibu yule mdogo. Nyumba ipo. Boriti zimeoza, paa limeanguka, lakini mwanamke mmoja aliiandika akiwa ugenini, na kila anayemsoma anairudishia dari na tausi wake. Miaka yote nilidhani kuta za nyumba ya zamani ndizo zinazotunza kumbukumbu za mwandishi. Pale Mtoni nimeona kinyume chake.

Nasema haya kwa sababu mazungumzo ya ukarabati siku hizi yako kila baraza, na yana haki ya kuwepo. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka mchana kweupe na watu wawili wakapoteza maisha. Nakumbuka vumbi, na nakumbuka watu wazima wakilia Forodhani. Tangu siku ile hata wauza samaki wanazungumzia chokaa. Vizuri. Ami yangu mmoja alikuwa fundi wa chokaa, na aliyonifundisha nikiwa mdogo naona yanafaa kuandikwa. Nyumba ya Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, udongo, chokaa na boriti za mikoko. Boriti haziwi ndefu sana, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu lakini vyembamba. Upana wa chumba unaamuliwa na mti uliokatwa. Ukuta wa namna hiyo unapumua, unyevu unaingia na kutoka. Ukiupiga plasta ya saruji umeuziba pumzi: maji yanabaki ndani, chumvi inatafuna mawe, na boriti zinaanza kuoza kwenye zile ncha zilizoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Nimeishuhudia nyumba moja, sitaitaja, iliyokarabatiwa ikang'ara kama yai. Haikupita misimu mitatu ya masika, ikaanza kumenyeka kama ngozi ya mgonjwa. Ami aliibandika kiganja ukutani akasema, "Wameifunga mdomo."

Lakini tuseme tumezikarabati zote kwa chokaa safi. Tutaweka nini ndani? Nyingi zimekuwa hoteli, na sina ugomvi na hoteli, watoto wetu wanakula kwa hizo hoteli. Masultani wana kumbukumbu zao: pale Forodhani, Beit al-Sahel ilifanywa makumbusho ya kasri mwaka 1994, na Salme akatengewa chumba chake humo. Niliingia chumba kile mara ya kwanza nikiwa msichana wa shule, na ndicho kilichonifanya nitake kusoma alichoandika. Najua kwa nafsi yangu chumba kimoja kinaweza kumfanya nini mtoto. Ninachotaka ni chumba kingine, cha malenga.

Nikilisema hili barazani, jibu la kwanza huwa ni moja: malenga wetu hawakuwa na majumba. Ni kweli kabisa. Nchi nyingine mshairi mkubwa aliacha jumba lenye maktaba na bustani, wajukuu wakalikabidhi kwa serikali, leo watu wanakata tiketi. Sisi Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alizaliwa Fumba katika ukoo wa wafinyanzi, akawa anauza vyungu kwa miguu, sauti ikimtangulia njiani, kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Mwaka 1928 sauti hiyohiyo ikarikodiwa Bombay, na Afrika Mashariki nzima ikanunua sahani zake za santuri. Haji Gora Haji alizaliwa Tumbatu mwaka 1933, akawa mvuvi na baharia, shule yake ni chuo cha Kurani, na alipofariki mwaka 2021 alikuwa ametuachia mashairi yanayosomwa mpaka vyuo vikuu. Pemba, Kamange na Sarahani walilumbana kwa beti ambazo watu walizibeba vifuani na katika karatasi za khati za Kiarabu miaka mingi kabla hazijapigwa chapa. Hao ndio wetu. Ukimtafutia Siti jumba la ghorofa tatu utakuwa unamtafuta mtu mwingine.

Kwa hiyo mimi sitaki jumba. Nataka nyumba ya kawaida ya Ng'ambo, ile mitaa ya nje ya Mji Mkongwe: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma na kisima. Kikwajuni, Miembeni, Michenzani kwa nyuma, popote. Na Pemba nyingine, Chake Chake, isiwe tawi la hii ya Unguja. Chumba kimoja kiwe cha santuri, mtu akae mkekani amsikilize Siti na mikwaruzo yake ya sahani. Kingine kiwe cha madaftari.

Hapa pa madaftari naomba msomaji anivumilie, maana panauma. Babu yangu mzaa baba alikuwa mtunzi. Hakuchapisha hata ubeti mmoja. Alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, ndani yake madaftari ya shule ya jalada jekundu, kurasa zimejaa khati za Kiarabu kwa wino wa buluu, na pambizoni vijistari vidogo alivyoviweka kila alipohesabu mizani: nane, kisha nane. Mshororo uliozidi aliupiga mstari mmoja mwembamba, hakuufuta, kama anayesema nitarudi. Alipofariki sanduku likahamishwa ua wa nyuma, bati likashika kutu chini, mchwa wakaingia. Tulipolifungua tulikuta jalada zimebaki na katikati ni vumbi la udongo. Kurasa kumi na moja zilinusurika. Nazijua zote kwa moyo. Kila nikiingia nyumba ya watu wazima mjini huku nikaona sanduku chini ya kitanda, naulizia, na mara tatu nimeambiwa, "Aa, hayo makaratasi ya marehemu tu."

Nyumba ninayoitaka ingekuwa na mtu wa kuyapokea makaratasi ya marehemu, kuyapiga picha na kumrudishia mwenyewe yake mkononi, maana watu wanaogopa kutoa wasije wakakosa. Na ingekuwa na baraza inayotumika. Ushairi wetu ni wa kujibizana. Ukiuweka kwenye kioo pekee umeuua. Alhamisi usiku mtu atoe ubeti, mwingine ajibu kwa vina vilevile, mwanafunzi wa kidato cha pili akae akisikia anayeyumba mizani akirudishwa na wazee. Watakaosema hili haliwezekani naomba wakumbuke Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905. Kimepita vita viwili vya dunia na mapinduzi, na bado kinapiga. Kilichokiweka hai ni watu kukutana, kupiga na kufundishana.

Jambo la mwisho nililowasimulia watoto pale Mtoni ni la bibi yangu mzaa mama. Ujanani alifanya kazi ya kupiga sakafu. Nyumba za mawe zilikuwa na paa la bapa, chokaa na kokoto vimemwagwa juu ya boriti, na wanawake walipanga mstari na vipande vya mbao mikononi, wakaponda siku baada ya siku mpaka maji yasipate pa kupenya. Mkono ukichoka pigo linakosa mwendo, na sakafu iliyokosa mwendo huvuja. Kwa hiyo waliimba. Bibi alituimbia mara nyingi, akipiga ukingo wa kitanda kwa mwiko:

Piga nipige mwenzangu, sakafu iwe kigae,
mvua ikija ya Mungu, tone moja lisikae.

Watoto wakaokota vijiti. Wakaanza kupiga juu ya jiwe la ukuta, taratibu kwanza, kisha wakashika mwendo, na yule mdogo akawa anaongoza. Mlinzi mmoja mzee alipita, akasimama, akaitikia mshororo wa pili bila kuulizwa, akaendelea na njia yake.

Kwenye daladala ya kurudi mdogo akaniuliza kama Bibi aliyaandika mahali. Hakuyaandika, hakujua kuandika. Usiku ule nilichukua daftari lake la hesabu, nikamwandikia ile mistari miwili ukurasa wa nyuma, tukahesabu mizani pamoja kwa vidole, nane, kisha nane, na yeye mwenyewe akaweka vijistari pambizoni.