Tambo za ngumi zina babu zake

Likikaribia pambano kubwa la ngumi, lawama ni ileile: mabondia wa siku hizi mdomo mwingi, adabu hawana. Siku ya kupima uzito wanasukumana na kutukanana, kisha mzee mmoja anakumbusha kwamba jeshini bondia alikuwa anasimama kikakamavu na kungoja kengele. Mimi na tambo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na tambo mbovu.

Pwani yetu ilitambiana kwa mizani na vina kabla ya glovu kufika. Vita vya Kuduhu, vilivyopiganwa Shela kisiwani Lamu mnamo 1812, viliwakutanisha Mombasa iliyotawaliwa na ukoo wa Mazrui pamoja na Pate upande mmoja, Lamu upande wa pili. Mashairi yalivuka maji kabla ya majeshi. Muyaka bin Haji akaisemea Mombasa, Bwana Zahidi Mngumi akaisemea Lamu. Lamu ikashinda, tena kwa kishindo. Muyaka hakufunga mdomo: aliendelea kuusimamia mji wake dhidi ya Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, miaka na miaka, na leo tunamsoma kuliko wengi waliokuwa upande wa washindi.

Hapo ndipo namkumbuka Karim Mandonga, bondia wa Tanzania. Januari 2023 alimpiga Mkenya Daniel Wanyonyi jijini Nairobi kwa ngumi aliyoibatiza Sugunyo. Julai akarudiana naye, akapigwa. Wengi walimcheka. Lakini kulibatiza konde lako jina ni kazi ya malenga hiyo, na mashabiki waliojaa ukumbini walilijua hilo kuliko wachambuzi wetu wa redioni. Kushindwa hakufuti tambo, ilimradi tambo yenyewe ilikuwa na ufundi.

Ufundi ndio unaokosekana. Anayemjibu malenga mwenzake katika shairi ana mishororo minne kwa kila ubeti, kila mmoja mizani 16, na kwa desturi anafuata bahari na vina vya aliyemchokoza. Humo ndani hakuna nafasi ya kumtukania mtu mama yake. Nafasi inaisha kabla hujafika huko. Ni kama mchezo wa kirumbizi: fimbo mkononi, mduara wa watu, ngoma na zumari, na ukipiga nje ya mwendo kila mtu anakuona. Nidhamu hiyo haina koplo wa kuisimamia, na bado inashika.

Hata hilo jeshi tunalotajiwa halikuwanyamazisha watu. Kwata ilipoonekana pwani, watu waliichukua wakaifanya ngoma ya beni, wakajigawia vyeo, wakapiga gwaride mitaani huku wakirushiana nyimbo za kejeli. Waliona gwaride na kejeli vinakaa pamoja vizuri tu. (Sisi ndio tunaodhani mtu mwenye nidhamu lazima anune.)

Basi waandaaji wa mapambano waache kuwafundisha mabondia upole wa bandia mbele ya kamera. Wamlipe malenga mmoja kila kona, wampe dakika zake siku ya kupima uzito, na mpinzani ajibiwe kwa vina vyake mwenyewe. Ningependa waanzie Zanzibar, ambako ngumi zilipigwa marufuku baada ya Mapinduzi ya 1964 zikaruhusiwa tena 2023. Mabondia wa kule ndio kwanza wanajenga desturi zao za ulingoni, na malenga hawajawahi kuwa adimu visiwani.