Meseji ya kwanza inafunguka, ya pili inagoma

Yaani hii kitu imenila siku mbili nzima. Naandika programu kwa lugha ya Rust ya kupokea data kwa websoketi (muunganisho unaobaki wazi kati yako na seva), seva inabana kila kitu kwa zlib, njia ya kupunguza ukubwa wa data, sawa, nikaweka dikoda mpya, yaani kifaa cha kufungua data iliyobanwa, kwa kila meseji kama mtu yeyote angefanya, ya kwanza ikafunguka safi kabisa halafu ya pili ikagoma, ya tatu hivyo hivyo, naambiwa data imeharibika. Haijaharibika! Ni striimu moja, mtiririko mmoja wa data, tangu unakonekti mpaka unakata, hedi ya zlib (baiti za utambulisho) inakuja mara moja tu mwanzoni, na meseji ya mia inaweza kunakili vipande kutoka KB 32 zilizotangulia, sasa ukitupa dikoda umetupa kumbukumbu yote. Kwa nini hili halikuandikwa juu kabisa kwenye maelezo ya hiyo seva?

Nikabaki na dikoda moja, nikawa nasubiri zile baiti 00 00 FF FF za mwisho zinazoonyesha meseji imetimia ndo nafungua, bado meseji ndefu zinakatika katikati ya JSON. Kumbe decompress_vec, fanksheni ya kufungua data, haiongezi nafasi ya Vec (orodha ya Rust inayopokea matokeo), inajaza ile iliyopo basi, inakurudishia Ok kama vile kazi imeisha. Inabidi uzungushe lupu mwenyewe, uite reserve kuongeza nafasi kila Vec ikijaa, uendelee ulipoishia. Jamani, mfano wa mistari kumi tu wawekee watu, tunakesha kwa kitu kidogo hivi.