Kwa nini self ya Python inastahili kutetewa

Kijana wa Unguja au Pemba aliyeanza kujifunza programu kwa lugha ya Java, kisha akahamia lugha ya Python, hukutana mapema na jambo linalomkera: kila metodi ya kawaida (fanksheni, yaani kipande cha programu chenye jina) anayoiandika ndani ya klasi, kiolezo cha kutengenezea objekti, lazima itaje self mwanzoni mwa vigezo vyake, yaani thamani inazozipokea. Self ni objekti ile ile ambayo metodi inaifanyia kazi. Katika Java objekti hiyo hupatikana yenyewe kwa jina la this, na mara nyingi hata jina hilo halihitaji kuandikwa. Basi huamua haraka kwamba Python imebaki na kasoro ya zamani ambayo hakuna aliyejali kuirekebisha. Malalamiko hayo yana msingi, lakini hukumu inayotokana nayo si ya haki.

Tuchukue klasi ya Mzigo, inayohifadhi uzito wa karafuu ambazo mkulima wa Wete amezipeleka kituoni kuuza. Metodi ya kuongeza kilo huandikwa ongeza(self, kilo), lakini huitwa kwa mzigo.ongeza(5), ambapo mzigo ni objekti moja ya klasi hiyo. Mwanafunzi akisahau kuandika self, Python humjibu kwamba metodi inapokea kigezo 1 ilhali imepewa 2, naye ana hakika kwamba amepeleka 5 peke yake. Jibu hilo huwatatiza sana wanaoanza, na anayeitetea self hana budi kulikubali hilo. Tena Ruby, lugha iliyotoka mwaka 1995 na inayofanana na Python kwa mengi, haina kigezo hicho. Humo alama ya @ mbele ya jina inatosha kuonesha kwamba uzito ni wa objekti.

Hata hivyo, jibu lile linalowatatiza wanafunzi linasema kweli. Kuandika mzigo.ongeza(5) ni njia fupi ya kuandika Mzigo.ongeza(mzigo, 5), na njia zote mbili zinafanya kazi. Metodi ni fanksheni kama fanksheni nyengine, na self ni kigezo kama vigezo vyengine, kinachofuata kanuni zile zile ambazo mwanafunzi amekwisha kuzijua.

Faida ya jambo hilo huonekana zaidi tukiitazama JavaScript, ambayo wengi wa vijana wetu hulazimika kuijua ili watengeneze tovuti. Humo, maana ya this katika fanksheni ya kawaida haitokani na mahali fanksheni ilipoandikwa, bali na namna ilivyoitwa. Mtu anaandika metodi ya mzigo, na ndani yake anaandika fanksheni nyengine itakayoitwa baada ya sekunde chache, au mtumiaji atakapobonyeza kitufe. Fanksheni hiyo ya ndani ina this yake, na hiyo si mzigo tena: huenda ikawa kitufe kilichobonyezwa, huenda ikawa dirisha zima la kivinjari. Programu inatafuta uzito pasipo na uzito, inajumlisha kisichokuwepo na kilo 5, na matokeo si namba. Wala kosa halioneshwi pale lilipofanyika, kwa sababu mstari wenyewe ukiusoma hauna dosari yoyote.

Kwa miaka mingi waandishi wa JavaScript walijikinga na balaa hili kwa kuandika mwanzoni mwa metodi: var self = this. Waliichukua objekti iliyofichwa, wakaipa jina la kawaida, ili fanksheni ya ndani iweze kuiona. Ndilo jambo lile lile ambalo Python inawalazimisha watu kulifanya tangu mstari wa kwanza. Lugha yenyewe iliwapa nafuu mwaka 2015, zilipoingizwa fanksheni za mshale, ambazo hazina this yake na huchukua ile ya mahali zilipoandikwa.

Java haina ugonjwa huo kwa kiasi hicho, kwa kuwa sehemu zote za objekti hutangazwa mapema na kompaila, programu inayotafsiri na kukagua msimbo, inazijua. Lakini hata huko, anayeandika uzito = uzito kwenye konstrakta, sehemu ya klasi inayoandaa objekti mpya, badala ya this.uzito = uzito huwa amekipa kigezo thamani yake chenyewe; kompaila inapitisha, na mzigo unabaki na uzito wa 0. Ndiyo maana wapo wanaoandika this hata pasipolazimika.

Mwaka 2008 Bruce Eckel, mwandishi wa vitabu vya programu, alipendekeza self iondolewe kwenye orodha ya vigezo vya metodi za Python. Guido van Rossum, aliyeiunda lugha hiyo, alikataa, akieleza miongoni mwa sababu zake kwamba fanksheni iliyoandikwa nje ya klasi inaweza kupachikwa ndani yake baadaye ikawa metodi, na kwamba kuitenga self kungeuvuruga ufanano huo. Tangu hapo lugha nyengine zimesogea upande huo huo: Rust, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2015, huandika self kwenye orodha ya vigezo, na hata C++, iliyoificha this kwa miongo kadhaa, inaruhusu objekti itajwe kama kigezo tangu kiwango chake cha C++23.

Kwa hiyo, kinachohitaji kubadilika kwetu ni utaratibu wa kufundisha. Mwalimu aanze na fanksheni ongeza(mzigo, kilo) kabla klasi haijatajwa, wanafunzi waitumie mpaka waizoee, kisha aihamishie ndani ya klasi bila kubadilisha chochote ila jina la kigezo cha kwanza.