Sauti kibao, hata moja haipigiki sebene
Hivi wanaopanga sauti za kiwandani, zile zinazokuja tayari ndani, kwenye hizi mashine za kidijitali za kuiga ampu za gitaa, wamewahi kupiga na bendi kweli? Unawasha tu, mwangwi umejaa hadi pomoni, mkwaruzo juu, besi inavuma. Ukiwa peke yako chumbani na hedifoni, tamu! Subiri ngoma na gitaa la besi viingie: umemezwa. Na mimi sebene nataka sauti safi, kila noti isimame.

Halafu ule ukali unaochoma masikio. Spika ya gitaa ya inchi 12 huanza kufifisha sauti kali za juu, zinazopita hezi 5,000 hivi. Spika za ukumbini hazina huruma hiyo, zinatema kila kitu. Kuzikata hizo za juu kungesaidia sana, lakini wameficha sehemu ya kuzikata menyu ndani ya menyu, kwenye kioo kisichosomeka jukwaani! Ukichomeka kwenye ampu halisi bila kuzima kabati la kuigiza, yaani boksi la spika linaloigwa na mashine, ni kabati juu ya kabati, unasikika kama umejifunika blanketi. Mpiga ngoma keshahesabu nne, wewe bado unabonyeza.