Mjomba na Volkswagen Yake

Gari la mjomba, Volkswagen Beetle ya mwaka 1971, lilikuwa limelala bandani miaka na miaka, na ole wako uliite mkweche mbele yake. "Limepumzika," angekujibu. Siku alipoamua kwamba mapumziko yamekwisha alimwita fundi, akaniita na mimi nishike usukani. Yeye akakaa kando yangu, kanzu imepigwa pasi, utadhani bwana harusi.

Fundi alifanya kazi ya watu. Alimwaga petroli ya zamani iliyokuwa inanuka vanishi, akasafisha kabureta, akang'oa plagi na kudondoshea mafuta kila silinda, kisha akaizungusha injini kwa spana taratibu mpaka ikalegea. Kwenye betri ndipo walipokorofishana. Betri ya gari hili hukaa chini ya kiti cha nyuma, na springi za kiti ziko juu yake kabisa. Fundi akauliza kifuniko kiko wapi.

"Kifuniko cha nini? Limetembea miaka yote bila kifuniko!"

"Mzee, mtu mzito akikaa hapo..."

"Nani kakwambia kuna mtu atakaa nyuma?"

Nikapiga stata. Injini ikakohoa, ikapiga chafya, ikanguruma. Mjomba kwa furaha akavuta kijiti cha hita, eti tujue kama nayo ni nzima. Sasa, injini hii haina rejeta. Hupozwa na feni, na feni hiyohiyo ndiyo inayosukuma hewa ya moto kupitia mirija ya ubavuni hadi miguuni mwenu. Mirija ile ilikuwa na mpangaji. Yakaanza kuruka manyoya, zikafuata pamba za viti, kisha magazeti yaliyotafunwa, yote usoni. Mwisho akatoka mwenyewe, panya, amefura kwa hasira, akaingia ndani ya kanzu ya mjomba bila hodi.

Mjomba ni pande la mtu. Vipi alivuka kiti cha mbele bila kukigusa, mpaka leo sielewi. Akatua nyuma, kwa makalio, juu ya betri.

Kwanza tsss. Kisha moshi. Fundi, aliyekuwa nyuma kwenye injini, akachungulia kiooni na kupiga ukelele: "Linawaka! Linawaka!"

Shangazi kule mlangoni akapiga vigelegele. "Tunasikia! Tena linawaka vizuri!"

Gari lenyewe milango ni miwili tu, yote ya mbele, na huko mbele panya alisharudi. Mjomba akaamua kupita juu ya kichwa changu. Tulitoka pamoja, mimi chini, huku fundi akichomoa waya wa betri na kutukana kwa lugha ya kwao. Kanzu ilikuwa na tundu kubwa la kuungua mahali ambapo mbele ya shangazi hapatajwi.

Moshi ulipoisha fundi akakata kipande cha tyubu kuukuu, akafunika betri, akarudisha kiti.

"Sasa ni salama, mzee. Kaa nyuma tujaribu."

"Kaa wewe."

"Mimi nina mke na watoto, mzee."