Kibofu cha Nguruwe Hakikufanya Kazi Peke Yake

Ile klipu imenifikia tena, safari hii kwenye grupu la familia: wanasayansi waotesha misuli mipya kwa kibofu cha nguruwe! Chini yake "Mungu mkubwa" nyingi, na mjomba mmoja anauliza kama ni halali. Mjomba, muulize shekhe wako. Ila mwambie seli za mnyama huoshwa zikaondolewa, kinachobaki ni utando wa kolajeni, ile protini inayoshikilia nyama ya mwili; huo utando ndio kiunzi cha kuoteshea msuli.

Kinachonikera ni kingine. Kazi yenyewe ipo, ya mtafiti Stephen Badylak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, kwa fedha za jeshi la Marekani, ambalo askari wake walirudi kutoka Iraq na Afghanistan mapaja yamenyofolewa na mabomu. Msuli ukichanika kidogo hujiunga wenyewe. Ukinyofoka pande zima, mwili huziba pengo kwa kovu, na kovu halivuti kitu. Daktari hulikata, akashonea kile kiunzi kwenye msuli ulio hai. Kiunzi huyeyuka taratibu huku kikiita seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa msuli. Mpaka hapo klipu ilikuwa sawa.

Halafu ikanyamaza. Haikusema wagonjwa wale walipigishwa kwanza mazoezi ya fiziotherapia mpaka nguvu zikagoma kuongezeka, ndipo wakaingizwa chumba cha upasuaji. Haikusema walirudishwa mazoezini ndani ya siku moja au mbili, kidonda kibichi, wakaendelea kwa miezi. Na hayo mazoezi si nyongeza, ni nusu ya tiba! Seli zikishafika zinahitaji kuvutwa na kubebeshwa uzito ndipo zijipange kuwa nyuzi za msuli. Lala kitandani usubiri muujiza, utapata kovu jipya la bei mbaya.

Binamu yangu aligongwa na lori akiwa kwenye bodaboda, nyama ya nyuma ya mguu ikaenda. Aliruhusiwa na karatasi iliyoandikwa "mazoezi". Mazoezi gani? Ya nani? Mama yake akamkanda kwa maji moto na mafuta ya nazi, maskini, ndicho alichokijua. Mtaalamu yuko mjini, nauli ikamshinda. Kifundo kikakaza, leo anakanyagia vidole. Huyu hakuwa na haja ya maabara ya Pittsburgh. Alihitaji mtu wa kumkunja na kumkunjua mguu kila siku, na ule mpira wa kuvuta.

Haya, nikiri shingo upande: matokeo si haba. Mwaka 2014 walitangaza wagonjwa 5, watatu wakapata nafuu ya maana. Mwaka 2016 wakafika 13, na nguvu iliongezeka kwa wastani wa asilimia 37 hivi. Kwa mtu asiyeweza kupanda ngazi, hiyo ni dunia nyingine. Lakini 13 ni watu wa daladala moja na viti vinabaki, tena hapakuwa na kundi la kulinganisha nao. Na wapo watafiti wanaosema kwenye wanyama wameona kovu zaidi kuliko msuli.

Hospitali moja ya wilaya niliyoipita ina chumba kilichoandikwa Fiziotherapia mlangoni. Ndani wamepanga magodoro mabovu mpaka dirishani. Leteni kiunzi hicho kesho, kiwe bure kabisa: tutamshonea mtu vizuri, halafu tumpe karatasi ya "mazoezi" aende nayo kwao.